LL-37: Dawa Tunayojitengenezea Mwilini



Niliombwa nizungumzie kinga ya mwili. Mada hiyo ni pana mno kwa saa moja, kwa hiyo nimeipunguza mpaka ikabaki molekuli moja. Sababu ya kuichagua ni hii. Siku hizi kinga inauzwa. Panda basi la mikoani, na kabla halijatoka stendi ataingia kijana na begi lake, atawasalimia abiria kwa adabu, kisha atatoa chupa ya unga wa kijani unaopandisha kinga, kusafisha damu na kuondoa uchovu. Kwenye duka la dawa kuna vidonge vinavyodai kufanya kazi hiyohiyo kwa bei kubwa zaidi. Kijana na duka wanauza wazo moja: kwamba kinga ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka, na kwamba kikiwa juu ndiyo afya yenyewe. Mimi napinga wazo hilo, na shahidi wangu ni peptidi iitwayo LL-37.

Peptidi ni kipande kifupi cha protini. Hii ni mnyororo wa asidi amino 37, na herufi mbili za L zinatokana na lusini mbili zinazouanza mnyororo. Iko katika ukoo wa katelisidini. Ng'ombe anazo katelisidini kadhaa, nguruwe vilevile. Binadamu ana moja tu, ambayo jeni lake liko kwenye kromosomu ya 3. Utaikuta ndani ya neutrofili, yaani zile seli nyeupe za damu zinazokimbilia penye jeraha na mwisho wake kuwa usaha. Utaikuta pia kwenye ngozi iliyochubuka, kwenye jasho, mate, maziwa ya mama, na katika utando wa njia ya hewa na wa utumbo. Kwa ufupi, mahali popote ambapo mwili unapakana na dunia.

Habari kwamba mwili una dawa zake si ya jana. Mwaka 1922, miaka sita kabla ya penisilini, Alexander Fleming alieleza jinsi kamasi lake mwenyewe lilivyoyeyusha bakteria kwenye kisahani cha maabara. Kilichofanya kazi ile kilikuwa kimeng'enya cha lisozaimu. Penisilini ilipokuja, kamasi likasahauliwa, na kwa miongo kadhaa watafiti wengi wa kinga walishughulika na kingamwili. Waliorudisha macho kwenye dawa za mwilini walianzia kwa wadudu na vyura. Huko Stockholm, Hans Boman na wenzake walichukua pupa wa nondo mkubwa wa Marekani, Hyalophora cecropia, wakawadunga bakteria, kisha wakaipima damu yao. Mdudu hana kingamwili kama zetu, lakini damu ile iliua bakteria, na mwaka 1981 walitangaza muundo wa peptidi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo. Huko Bethesda, Marekani, daktari Michael Zasloff alikuwa akiwapasua vyura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, ili kuchukua mayai yao. Akimaliza anawashona na kuwarudisha kwenye tangi la maji yasiyo safi hata kidogo, nao wanapona bila usaha. Wengi waliowafuga vyura hao maabara waliliona jambo hilo. Yeye alijiuliza kwa nini, na mwaka 1987 akachapisha jibu: peptidi kwenye ngozi ya chura.

Baada ya hapo ilikuwa suala la muda tu kumfikia binadamu. Mwaka 1995 maabara tatu, moja Sweden, moja Denmark na moja Marekani, zililifikia jeni letu kila moja kwa njia yake. Wale wa Stockholm walikadiria kwa kusoma jeni kwamba peptidi ingekuwa na asidi amino 39. Mwaka uliofuata walipoitoa yenyewe kwenye seli, wakakuta 37. Kadirio lilikuwa karibu sana, lakini seli ndiyo inayoamua mnyororo ukatwe wapi. Shikeni hoja hiyo ya kukata, tutaihitaji.

Sasa, inauaje? Ikiguswa na utando wa bakteria, LL-37 hujikunja ikawa kama springi. Upande mmoja wa springi hiyo unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta, kama sabuni. Juu ya hayo ina chaji chanya, sita kwa hesabu ya jumla. Utando wa bakteria una mafuta yenye chaji hasi upande wa nje, kwa hiyo peptidi inavutwa, inajipenyeza na kuuvuruga, na yaliyomo ndani yanamwagika. Utando wa seli zetu upande wa nje hauna chaji hasi kwa kiasi hicho, tena umejaa kolesteroli inayoukaza. Ndiyo maana sisi tunasalimika. Lakini tunasalimika kwa kiasi tu. Ikirundikana, LL-37 inaua hata seli za mwenyewe.

Mwili unalijua hilo, na tahadhari yake inapendeza kuitazama kwa karibu. Neutrofili haibebi LL-37 iliyo tayari. Inabeba protini kubwa zaidi, hCAP18, ambamo peptidi yetu imefungwa mkiani ikiwa imelala. Protini hiyo imewekwa kwenye vifuko vya aina moja. Kimeng'enya cha kuikata kimewekwa kwenye vifuko vya aina nyingine, ndani ya seli ileile. Vitu hivyo viwili vinakutana pale tu seli inapomwaga vifuko vyake ili kupambana. Kwenye ngozi mkataji ni mwingine, na katika shahawa ni mwingine tena, anayeanza kazi pale asidi ya uke inapomwamsha. Kila mahali kisu chake. Kisu kikibadilika, kipande kinachotoka kinabadilika, na kazi yake pia.

Mwili ukiikosa, nini kinatokea? Mwaka 1956 daktari wa Sweden, Rolf Kostmann, alieleza ugonjwa wa kurithi katika familia za kaskazini mwa nchi yake. Watoto walizaliwa karibu hawana neutrofili kabisa, na wengi walikufa kwa maambukizi wakiwa wachanga. Miongo kadhaa baadaye ilipatikana dawa ya sindano inayousukuma uboho utengeneze neutrofili. Hesabu ya seli ikapanda, watoto wakaishi, madaktari wakashusha pumzi. Ila madaktari wa meno hawakushusha. Wagonjwa wale, damu yao ikionekana nzuri kwenye karatasi ya maabara, waliendelea kuugua fizi: zinavimba, zinavuja damu, zinarudi nyuma, na meno yanalegea kwa vijana ambao hawakupaswa kupoteza hata jino moja. Mwaka 2002 watafiti wa Stockholm, Boman akiwemo, walitoa sababu inayoelekea kueleza jambo hilo. Neutrofili zilirudi, lakini hazikuwa na LL-37, na mate ya wagonjwa hao hayakuwa nayo. Mmoja wao aliyekuwa amepandikizwa uboho alikuwa nayo, na fizi zake zilikuwa nzima.

Wagonjwa wale walikuwa wachache, nakubali. Lakini kwangu hakuna ushahidi unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba kuhesabu askari hakutoshi. Daktari aliyesoma tu idadi ya seli angeandika kwenye faili kwamba kinga imepanda, na angekuwa amesema kweli, huku meno ya mgonjwa yakiendelea kulegea.

Niruhusuni niingie kidogo wodi ya wazazi. Mtoto anapozaliwa anakuja na utando mweupe unaoteleza, mzito zaidi kwenye makwapa na mikunjo ya mapaja. Dhana iliyopo, na sidhani kama yuko hapa asiyewahi kuisikia, ni kwamba utando ule ni dalili ya mama aliyeendelea kukutana na mumewe mimba ikiwa kubwa. Kwa hiyo bibi au shangazi anamsugua mtoto haraka kwa maji na sabuni ili aibu iishe kabla wageni hawajafika. Utando huo umetengenezwa na tezi za mafuta za ngozi ya mtoto mwenyewe pamoja na seli zilizobanduka, na mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba ndani yake mna LL-37 na peptidi nyingine za kuua bakteria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24, hasa kwa ajili ya joto lake. Wakunga mliopo, mkimweleza bibi habari ya joto, mwongezeeni na hii. Mtoto hajachafuka, amepakwa dawa.

Hadi hapa LL-37 inaonekana njema tupu, na muuza unga wa kijani angeweza kunipigia makofi. Twende kwenye ngozi ya mtu mzima.

Kuna magonjwa mawili ya ngozi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyachanganya, kwa kuwa yote yanawasha na kubabua. Moja ni pumu ya ngozi, la pili ni soriasisi. Ngozi ya mwenye pumu ya ngozi inashambuliwa na bakteria mara kwa mara, hasa stafilokoka, mpaka inatoa maji na kufanya gaga la njano. Ya mwenye soriasisi, pamoja na magamba yake ya rangi ya fedha, mara chache inapata maambukizi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichukua vipande vya ngozi za aina zote mbili na kupima. Kwenye soriasisi LL-37 ilikuwa tele. Kwenye pumu ya ngozi ilikuwa kidogo. Kwa mizani ya yule kijana wa basi, mwenye soriasisi ndiye mwenye kinga kubwa kwenye ngozi. Mwulizeni mwenyewe kama anaifurahia.

Miaka mitano baadaye ikaonekana kwamba LL-37 ile si mpita njia. Seli inapokufa, DNA yake inamwagika nje, na kwa kawaida inasagwa haraka bila kelele. Kinga haiishtukii DNA ya mwenyewe kwa sababu haiwafikii walinzi wake, yaani vipokezi vilivyo ndani ya seli za kinga. Kundi la Michel Gilliet, lililokuwa Houston, lilionyesha mwaka 2007 kwamba LL-37, kwa chaji yake chanya, inaishika DNA hiyo, inaikunja, inailinda isisagwe na kuiingiza ndani ya seli za kinga mpaka penye kipokezi kinachotambua DNA ya vijidudu. Kengele inapigwa kana kwamba virusi vimevamia. Mgonjwa wa soriasisi anajua kwamba akijikwaruza, hata kwa kucha tu, baada ya siku kadhaa mstari ule wa mkwaruzo unaweza kuota magamba. Ngozi iliyochubuka inatoa LL-37, kama inavyopaswa. Kwake yeye moto unawaka na hauzimiki. Mwaka 2014 ilibainika pia kwamba takriban thuluthi mbili za wagonjwa wenye soriasisi ya kati hadi kali wana seli za kinga, limfosaiti T, zinazoishambulia LL-37 yenyewe. Silaha imegeuka kuwa adui wa jeshi lake.

Kwenye rozasea, ugonjwa wa uso mwekundu unaowasumbua zaidi watu weupe ingawa kwenye ngozi nyeusi nao upo na mara nyingi hautambuliwi, tatizo si wingi tu. Kundi la Richard Gallo huko San Diego lilionyesha mwaka 2007 kwamba kimeng'enya cha kukata kimezidi usoni, na vipande vinavyotoka si vile vya ngozi ya kawaida. Vipande hivyo vilipodungwa kwenye ngozi ya panya, ikavimba na kuwa nyekundu. Niliwaambia mshike habari ya kisu.

Kuhusu saratani nitapita upesi, maana ushahidi unakwenda pande zote: kwenye uvimbe wa ovari LL-37 inaelekea kuusaidia ukue, kwenye tumbo na utumbo mpana inaelekea kuuzuia.

Kifua kikuu ndipo penye masomo ya kwetu hasa. Kabla ya dawa, wagonjwa walilazwa juani. Niels Finsen wa Copenhagen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga wa taa. Mwaka 2006 kundi la Robert Modlin huko Los Angeles lilitoa maelezo yaliyosisimua dunia. Makrofaji, seli inayommeza bakteria wa kifua kikuu, ikimtambua inawasha mashine ya kuitumia vitamini D. Vitamini D inawasha jeni la LL-37. LL-37 inatengenezwa, na bakteria anauawa. Walipotumia seramu ya Wamarekani weusi, ambayo ilikuwa na vitamini D kidogo, LL-37 ilitoka kidogo. Walipoiongezea vitamini D, ikapanda. Jambo la ajabu ni kwamba swichi hiyo ya vitamini D kwenye jeni iko kwa binadamu na nyani wenzake, panya hana. Panya wote wa maabara, kwa suala hili, hawakuwa na la kutusaidia.

Basi mnaona mvuto wake. Vitamini D ni rahisi, salama kwa kipimo cha kawaida, na kidonge chake kinaweza kumfikia mtu kijijini. Majaribio yakaanza. London, mwaka 2011, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa vipimo vikubwa pamoja na dawa zao makohozi yao yalisafika kwa wastani wa kati wa siku 36, na waliopewa mfano wake usio na dawa siku 43.5, tofauti hiyo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Mongolia, ambako jua la majira ya baridi ni hafifu, watoto 8,851 wa shule walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliopewa vitamini D walioambukizwa ni asilimia 3.6, wasiopewa ni asilimia 3.3. Na Dar es Salaam watu 4,000 wenye virusi vya UKIMWI, waliokuwa wakianza dawa na ambao vitamini D yao ilikuwa chini, waligawanywa wapewe au wasipewe. Matokeo yalitoka mwaka 2020: vitamini D haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu.

Je, maabara ya Los Angeles ilidanganya? Hapana. Mnyororo ule wa matukio upo. Lakini mnyororo ndani ya kisahani si mtu mzima mwenye VVU, anayelala chumba kimoja na watu sita na kula mlo mmoja. Na pengine kupungua kwa vitamini D kwa wagonjwa wengine ni matokeo ya kuugua na kukaa ndani. Tuna kipimo kizuri kutoka hapahapa Tanzania. Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili walipopimwa, wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho wataalamu wa lishe wa Ulaya wangekiita cha juu. Wamekipata bila kumeza kidonge hata kimoja, na hakuna anayethubutu kusema kwamba kifua kikuu kimewaepuka Wamasai.

Kuna upande wa bakteria pia, maana hawakai wakisubiri kuuawa. Stafilokoka hubadilisha chaji ya ukuta wake ili peptidi isivutwe, na ana kimeng'enya cha kuikatakata. Shigella, anayeleta kuhara damu, anafanya la hila zaidi. Watafiti wa Dhaka na Stockholm walichukua vipande vya utumbo wa wagonjwa huko Bangladesh, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba bakteria huyo anazima uzalishaji wa LL-37 kwenye utando wa utumbo mapema katika ugonjwa. Anafunga bomba kabla ya kuingia. Hao hao baadaye walijaribu kulifungua kwa butireti, asidi ambayo bakteria wema wa utumbo mpana wanaitengeneza wanapochachusha nyuzi za chakula: za ndizi mbichi za kupika, dona, maharage. Kwa sungura ilifaa sana. Kwa wagonjwa waliowekewa kwa njia ya haja kubwa, LL-37 ilipanda na uvimbe ukapungua mapema, ila kupona kwao kwa jumla hakukuwa kwa haraka zaidi. Mnaona mwendo ni uleule wa vitamini D. Lakini hukohuko Bangladesh watoto wenye kuhara kwa muda mrefu waliolishwa ndizi mbichi zilizopikwa walipata nafuu haraka zaidi, na mama zetu wa Bukoba na Kilimanjaro hawatahitaji mhadhara wa kuwashawishi juu ya ndizi.

Mwisho ni swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka: kwa nini tusiifanye dawa? Mwaka 2019 inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa, kwa hiyo swali ni la haki. Peptidi ya chura wa Zasloff ilifika mbali. Ilitengenezwa kuwa krimu ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari, ikajaribiwa, na mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kuipitisha kwa kuwa haikuonyesha ubora kuliko antibayotiki zilizokuwepo. LL-37 yenyewe ilielekezwa kwenye vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena, baada ya kuonekana kwamba ngozi ya kingo za vidonda hivyo imeikosa, wakati kidonda kinachopona vizuri huwa nayo.

Jaribio la kwanza lilitangazwa mwaka 2014. Wagonjwa 34, kidonda kinapakwa mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, vipimo vitatu. Waliopata miligramu 0.5 kwa mililita, kasi ya kupona ilikuwa takriban mara sita ya wasiopewa. Waliopata 1.6, takriban mara tatu. Waliopata 3.2, ambao kwa mantiki ya basi la mikoani walipaswa kuongoza, hawakupata faida yoyote kuliko wasiopewa, na ndio waliolalamikia zaidi kuwashwa na maumivu mahali palipopakwa. Jaribio kubwa zaidi lililofuata halikuonyesha tofauti ya maana kwa wagonjwa wote kwa jumla. Dalili ya faida ilionekana kwa wenye vidonda vikubwa tu, na hilo litahitaji jaribio lake lenyewe kabla hatujaliamini. Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, vidonda sugu vya miguu vimejaa kliniki zetu za kisukari na za selimundu, na jaribio la aina hiyo kwa wagonjwa wetu linaweza kuanza kwa kupima tu: kuna LL-37 kiasi gani kwenye ukingo wa kidonda cha mgonjwa wa selimundu, na imekatwa vipande gani.

Naona mikono imeanza kunyooshwa. Tuanze na dada wa safu ya tatu.